Kuomba shahada ya kwanza na ya uzamili kwa mkupuo katika burudani na utalii: mlango wenyewe uko mwaka wa tatu

Mlalo_Juu (mleta uzi):

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijibu, mmoja baada ya mwingine, ujumbe wa vijana wanaotaka kujua namna ya kuomba ile programu ya vyuo vya Marekani inayounganisha shahada ya kwanza na ya uzamili katika fani ya burudani, hifadhi na utalii. Maswali ni yaleyale na majibu yangu ni yaleyale, kwa hiyo nimeona niyaweke hapa mahali pamoja ili na wengine wanisahihishe ninapokosea. Njia hiyo niliipita mwenyewe, nikaimaliza, na nina kovu moja nitakalolionyesha huko mbele.

Nianze na jina la fani, kwa sababu ndilo lililoniletea shida kabla hata sijajaza fomu. Neno burudani kwa masikio ya nyumbani ni muziki, ngoma na viti vya plastiki. Nilipomweleza baba yangu mdogo kwamba ninakwenda kusomea burudani na utalii, aliweka kikombe chini, akaniuliza kwa upole kabisa kama ada yote hiyo italipwa ili nijifunze kustarehe. Siku ile sikuwa na jibu. Leo ningemwambia kwamba fani hii inachunguza jinsi watu wanavyoutumia muda wao wa mapumziko, mahali wanapoutumia, anayepangia mahali hapo bajeti na sheria, na yanayoupata msitu, ufukwe au mji wageni wanapozidi. Bustani ya Forodhani kule Unguja, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, ni darasa zima la fani hii: jioni moja utamkuta mtalii na mwenyeji, muuza urojo na watoto wanaojirusha baharini, na nyuma yao wote yapo maswali ya nani asafishe, nani atoe leseni na nani akatazwe nini. Mtu wa hoteli anasomea chumba na meza. Mtu wa fani hii anasomea eneo la wazi lisilo na mlango wala funguo.

Sasa programu yenyewe. Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida huhitaji krediti 120 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), na ya uzamili katika fani hii huwa karibu krediti 30 hadi 36, kwa hiyo anayesoma moja kisha nyingine atalipia krediti 150 au zaidi. Programu ya kuunganisha, ambayo wengi huiita nne jumlisha moja, huruhusu baadhi ya kozi za uzamili, mara nyingi krediti 9 hadi 12, zihesabiwe pande zote mbili. Chukua krediti 12: badala ya 150 unabaki na 138, ambazo mwanafunzi anayebeba krediti 14 kwa muhula atazimaliza katika mihula kumi, yaani miaka mitano. Faida yote ya kihesabu ni hiyo. Ni faida ya kweli, lakini hakuna shahada ya bure ndani yake.

Jambo ambalo karibu kila anayeniandikia hulikosea ni hili: programu hii kwa kawaida huiombi ukiwa nyumbani. Katika vyuo vingi unaomba shahada ya kwanza kama mwombaji mwingine yeyote, unadahiliwa, unasoma, na ukifika mwaka wa tatu ndipo unapopeleka ombi la pili kwa kitengo cha uzamili cha chuo hichohicho, ukiwa na matokeo ya chuo na si ya sekondari. Ombi hilo la pili linaweza kukataliwa. Idara hutaka GPA, yaani wastani wa alama, ambao kule kilele chake ni 4.0, isiyopungua 3.0, nyingine hupandisha hadi 3.5, pamoja na barua za walimu wawili au watatu na maelezo ya dhamira. Kwa hiyo anayeambiwa na wakala wa mjini kwamba ameshapata nafasi ya shahada mbili, aombe aonyeshwe barua mbili za udahili. Mara nyingi atakuta moja.

Binti_wa_Voi:

Asante sana mleta uzi. Mimi nilimaliza kidato cha nne hapa Voi nikapata alama ya B+ katika mtihani wa KCSE, na kwa sasa ninajiandaa kuomba chuo. Nimekulia karibu sana na lango la Tsavo Mashariki, lakini mara yangu ya kwanza kuingia ndani ya hifadhi ilikuwa kwa basi la shule, nikiwa na miaka kumi na sita. Nina maswali mawili. La kwanza, je, nitaje nia ya kuunganisha shahada katika ombi langu la kwanza, au ninyamaze hadi mwaka wa tatu? La pili, nitajuaje idara iliyo nzuri, ikiwa tovuti zote zinaonyesha picha za vijana wanaocheka kando ya ziwa?

Mlalo_Juu:

Dada, hilo la picha umelisema vizuri. Zipuuze zote.

Kuhusu kutaja nia, taja, lakini kwa sentensi moja tu. Anayesoma ombi lako la kwanza anataka kujua kama utaimaliza shahada ya kwanza. Ukitumia ukurasa mzima kuzungumzia uzamili, ataona umeruka ngazi. Andika zaidi juu ya lile basi la shule. Kukaa miaka kumi na sita kando ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1948 bila kuingia ndani yake ni swali la kitaaluma tayari, na ni wachache watakaoomba pamoja nawe wenye swali kama hilo mkononi.

Kuhusu idara, zipo zenye jina katika fani hii, kwa mfano za Clemson, NC State, Penn State na Utah, lakini usianze na jina. Anza na kitabu cha kozi cha chuo, kile kinachotolewa kila mwaka kikiwa na masharti ya kila programu. Masharti yanayokufunga kwa kawaida ni ya kitabu cha mwaka uliodahiliwa, kwa hiyo kihifadhi kwenye simu na kwenye barua pepe yako, maana miaka mitatu baadaye ukurasa wa tovuti utakuwa umebadilika na utahitaji kuonyesha ulichoahidiwa. Tazama pia kama programu ya shahada ya kwanza ina ithibati ya COAPRT, baraza linalothibitisha programu za hifadhi, burudani na utalii. Kukosa ithibati hiyo hakuifanyi idara kuwa mbovu, na idara kadhaa nzuri hazijaiomba, lakini kuwa nayo kunakuhakikishia kwamba mafunzo kwa vitendo yapo, na kwamba ni ya saa 400 au zaidi, si wiki mbili za kupanga viti.

Kisha mwandikie mratibu wa masomo ya uzamili wa idara, barua fupi yenye maswali matatu: ni krediti ngapi zinazohesabiwa pande mbili, ombi la pili hupelekwa muhula upi, na je, mwanafunzi wa kigeni wa programu hii anaweza kupata kazi ya usaidizi wa kufundisha au utafiti katika mwaka wa tano. Hilo la tatu ndilo wengi husahau kuuliza, na ndilo lenye fedha.

Karani_wa_Masjala:

Nimefanya kazi ya masjala ya wanafunzi katika chuo kimoja hapa Tanzania kwa miaka mingi, na ninaomba kuongeza upande wa kurudi nyumbani, kwa sababu vijana huukumbuka siku wanapoitwa kwenye usaili.

Shahada za nje zinahitaji kutambuliwa, kwa Tanzania na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na kwa Kenya na mamlaka ya huko inayohusika. Programu ya kuunganisha humpa mhitimu shahada mbili, na kwa hiyo anapaswa kurudi na vyeti viwili na nakala za matokeo zinazoonyesha wazi kila shahada ilitolewa lini na kwa krediti zipi. Nimewahi kupokea faili la kijana ambaye nakala yake ya matokeo ilikuwa moja, ndefu, yenye kozi zote zimechanganyika, na kozi nne zilitokea katika shahada zote mbili bila maelezo yoyote. Ofisa aliyelipitia alidhani ni udanganyifu. Haukuwa udanganyifu, lakini kijana alikaa miezi akisubiri barua ya ufafanuzi kutoka chuoni kwake, ambayo ingepatikana kwa siku moja kama angeiomba kabla ya kuondoka. Iombeni mkiwa bado mna kitambulisho cha mwanafunzi, na iwe na mhuri na saini ya msajili.

Ombi lingine dogo: jina lililoko kwenye cheti cha kidato cha nne, kwenye pasipoti na kwenye fomu ya chuo liwe moja, kwa tahajia moja. Nalisema hili kila wiki na kila wiki nalirudia.

Kivu_Lexington:

Bwana Mlalo, salamu kutoka Kentucky. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, familia yetu ilifika hapa Lexington miaka mingi iliyopita, na binti yangu yuko mwaka wa tatu katika fani hiyohiyo. Maelezo yako ni ya wanafunzi wanaotoka Afrika na viza, lakini hapa jukwaani tuko pia sisi wenye kadi ya ukaazi wa kudumu, na kwetu hesabu inageuka.

Mwenye kadi hiyo anaruhusiwa kuomba msaada wa serikali kuu kwa fomu ya FAFSA, na kama kipato cha nyumbani ni kidogo anaweza kupata Pell, ambayo ni ruzuku isiyorudishwa. Lakini Pell kimsingi ni ya mtu ambaye hajapata shahada ya kwanza. Chuo cha binti yangu humhamishia mwanafunzi upande wa uzamili mara tu anapotimiza masharti fulani, hata kama cheti cha kwanza hakijatoka, na siku anapohamishwa ruzuku inaondoka, na misaada mingine ya shahada ya kwanza inaweza kuondoka nayo. Tulikaa na mshauri wa fedha, nikamwomba aandike mbele yetu, kwa kalamu, gharama ya mwaka wa nne akihamishwa na gharama yake asipohamishwa. Tofauti ilikuwa kubwa kuliko thamani ya zile krediti tisa alizokuwa akiokoa. Tumeamua amalize shahada ya kwanza kwanza, mihula yote minane, akiwa bado na ruzuku, akichukua kozi mbili za uzamili pembeni kama mwanafunzi wa shahada ya kwanza, kisha aombe uzamili kwa utaratibu wa kawaida.

Sisemi kila mtu afanye hivyo. Nasema muulize siku ya kuhamishwa ni ipi, na nani anayeiamua.

Mlalo_Juu:

Mzee wangu wa Bukavu, ahsante. Hilo sikulijua kwa upande wa ruzuku, lakini limenifikisha kwenye kovu langu, maana nalo ni la kuhesabiwa upande huu au ule.

Mwaka wangu wa nne nilisajili kozi ya usimamizi wa wageni katika maeneo ya asili. Kozi hiyo ilikuwa na namba mbili, ya chini kwa shahada ya kwanza na ya juu kwa uzamili, kama ilivyo kawaida katika idara nyingi. Darasa lilikuwa moja, mwalimu mmoja, saa ileile, viti vilevile. Waliosajiliwa kwa namba ya juu waliandika makala moja ya ziada ya kurasa kumi na tano. Mimi nilijisajili mapema, usiku, kwa kuhofia nafasi kuisha, na nikabofya namba ya chini kwa sababu ndiyo iliyotangulia kwenye orodha. Kisha nikaandika ile makala ya ziada, kwa sababu nilijua nasoma kwa ajili ya uzamili, na mwalimu akaisahihisha na kunipa A.

Muhula uliofuata nilikaa mbele ya meza ya ofisi ya uzamili, na mama mmoja mpole akageuza kioo cha kompyuta kuelekea kwangu, akaweka kidole kwenye namba ile ya chini. Hakuna aliyebishana nami kuhusu makala. Waliisoma, wakaisifu. Lakini muda wa kubadilisha usajili ulikuwa umepita kwa wiki kumi na moja, na kozi iliyoandikwa kwa namba ya chini haiwezi kupanda. Zile krediti tatu zilinifaa upande mmoja tu, nikalazimika kusoma na kulipia kozi nyingine wakati wa kiangazi, nikiwa nalala kwenye kochi la rafiki kwa sababu mkataba wa bweni ulikuwa umekwisha.

Mshauri wangu wa masomo alikuwa ameidhinisha fomu ile bila kuitazama namba, nami niliiamini saini yake kuliko macho yangu. Tangu siku hiyo nikiona orodha ya kozi, naangalia tarakimu kabla ya jina.

Mzee_wa_Marangu:

Vijana, nimesoma uzi huu wote kwa utulivu na sijaona jibu la swali langu. Nimepandisha wageni mlima Kilimanjaro tangu njia ya Machame haijawa na foleni. Nimewaona wenye shahada za uzamili wakiniomba niwashike mkono pale kambi ya Barafu. Kijana mwenye cheti cha chuo cha wanyamapori cha Mweka, lugha mbili na miguu mizuri anapata kazi kesho asubuhi, na huyu wa miaka mitano ng'ambo anarudi kusubiri tangazo la ajira. Sasa hiyo shahada ya pili ni ya kumfanyia nini mgeni anayetaka kufika kileleni na kushuka salama?

Mlalo_Juu:

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe zaidi kuliko unavyodhani, na ninawaambia wanaotaka kuwa waongozaji waende Mweka, chuo kilichoanza mwaka 1963 na kinachojua kazi hiyo, au wafundishwe na watu kama wewe. Kwa kazi ya kumfikisha mgeni mita 5,895 na kumrudisha, uzamili hauongezi hata hatua moja.

Lakini mzee, wewe mwenyewe unajua kwamba Marangu pekee ndiyo njia yenye vibanda vya kulala, na kwamba kwenye njia nyingine watu wanalala kwenye mahema. Nani aliamua hivyo, na kwa kipimo gani? Kambi ibebe mahema mangapi, vyoo vikae upande gani wa upepo, na foleni ya mizigo inayopimwa getini ipangwe vipi ili mpagazi asisimame saa mbili kabla ya kuanza kutembea: hayo huamuliwa ofisini, na mara nyingi huamuliwa na mtu ambaye hajawahi kulala huko. Fani hii inafundisha namna ya kupima kabla ya kuamua. Mwaka 1985 watafiti wa idara ya misitu ya Marekani walitoa utaratibu ambao bado unatumika hadi leo: badala ya kuuliza eneo linabeba watu wangapi, swali ambalo halina jibu moja, unauliza ni mabadiliko kiasi gani mko tayari kuyakubali, mnachagua vipimo, na mnavifuatilia. Upana wa njia ni kipimo. Ardhi iliyobaki tupu kuzunguka hema ni kipimo. Idadi ya makundi mengine unayokutana nayo kwa siku ni kipimo.

Mchana mmoja wa mvua tulipelekwa msituni kufanya zoezi hilo. Nilipiga magoti kwenye tope na utepe wa kupimia wa fundi cherehani, mwenzangu akaandika, na kufikia jioni tulikuwa na jedwali la mahali hema lilipokaa kwa miaka, na jinsi majani yalivyorudi nyuma sentimita hadi sentimita. Wewe mzee ungetusimulia hayo bila utepe, kwa kuwa umeyaona. Tatizo ni kwamba ofisini simulizi haipangiwi bajeti, jedwali ndilo linalopangiwa. Mtu mwenye miguu yako na jedwali hilo ndiye ninayemtamani arudi nyumbani.

Mzee_wa_Marangu:

Marahaba. Jibu nimelielewa. Waambie basi waje wapande kwanza ndipo wapime.

Binti_wa_Voi:

Kaka, naomba utusaidie kuhusu maelezo ya dhamira. Mwalimu wangu anasema nianze kwa kueleza mapenzi yangu kwa wanyamapori.

Mlalo_Juu:

Kwa heshima ya mwalimu wako, usianze hapo. Maelezo yangu ya kwanza yalianza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na mapenzi makubwa na utalii na ukarimu wa Mtanzania." Mwalimu aliyekuwa ananisaidia chuoni alipiga mstari juu ya sentensi nzima, akauliza, "Uliona nini?" Akasubiri. Nilikaa ofisini kwake nikimtazama, na kitu pekee kilichonijia ni ufukwe wa Tanga siku ya Iddi mosi.

Sentensi zilizobaki kwenye maelezo yangu ni hizi: "Siku ya Iddi mosi watu wa mji wetu hushuka ufukweni kwa miguu, kwa bajaji na kwenye malori, na kufikia alasiri mchanga hauonekani. Hakuna anayewahesabu, kwa sababu takwimu za utalii huhesabu wanaolala hotelini, na hawa wanarudi kulala kwao. Kwa hiyo ufukwe unaotumiwa na wengi zaidi katika mwaka unaonekana, kwenye karatasi, hauna mgeni." Baada ya hapo nilieleza ninachotaka kujifunza ili niweze kuwahesabu, na ni mwalimu gani wa idara ile anayefanya kazi inayokaribiana na hiyo. Ukurasa mmoja na nusu, basi. Kwa ombi la pili la mwaka wa tatu, sehemu hiyo ya mwalimu ina uzito kuliko zote, kwa sababu wanaosoma ni haohao waliokufundisha, na wanataka kujua kama ulikuwa unasikiliza.

Barua za walimu nazo zinaanza kutengenezwa mwaka wa kwanza. Darasa la watu mia mbili halikupi barua. Nenda ofisini kwa mwalimu katika saa alizobandika mlangoni, uwe na swali la kweli, na urudi tena.

Mhitimu_Morogoro:

Mimi tayari nina shahada ya usimamizi wa utalii ya miaka mitatu ya hapa nyumbani. Je, nianze upya ili nipate hiyo ya kuunganisha, au nimeshachelewa?

Mlalo_Juu:

Hujachelewa, na usianze upya. Ukitaka kujua ninachoamini hasa kuhusu jambo hili lote, ni hiki: kwa mtu aliyeko Afrika Mashariki asiye na fedha, njia bora mara nyingi ni kusoma shahada ya kwanza nyumbani na kuomba uzamili peke yake. Kwa mwanafunzi wa kigeni, ufadhili wa shahada ya kwanza Marekani ni mdogo na unagombaniwa na dunia nzima, wakati uzamili una nafasi za usaidizi wa kufundisha na utafiti, ambazo kwa kawaida hulipia ada yote au sehemu yake na kukupa posho. Anayesoma programu ya kuunganisha mara nyingi hafikiriwi kwa nafasi hizo hadi ahamishiwe rasmi upande wa uzamili, na akishahamishiwa amebakiwa na mwaka mmoja, muda ambao mtafiti mwenye mradi wa miaka miwili hauoni kuwa unatosha. Programu hii inamfaa zaidi yule ambaye tayari yuko kule kwenye shahada ya kwanza.

Kuhusu miaka mitatu, idara nyingine hukubali, nyingine hutaka minne au huomba tathmini ya vyeti kutoka shirika la nje. Waulize kwanza, kabla ya kulipia ada ya maombi.

Jambo jingine linalokuhusu ni tasnifu. Programu nyingi za kuunganisha hazina tasnifu, kwa kuwa mwaka mmoja hautoshi. Ukitaka kufika shahada ya uzamivu, chagua uzamili wenye tasnifu, na kama utakusanya takwimu nyumbani, uhesabu muda wa kibali cha maadili cha chuo na kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, au NACOSTI kwa upande wa Kenya. Kibali hakijui tarehe yako ya kuhitimu.

Nimalizie na viza, kwa ufupi, maana masharti yake hubadilika, na kila mtu anapaswa kusoma tangazo la ubalozi wa siku hiyo kabla ya kulipa ada yoyote isiyorudishwa. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 hupewa na chuo hati ya I-20, inayotaja ngazi ya masomo. Ukihama kutoka shahada ya kwanza kwenda uzamili, hati hiyo lazima iandikwe upya, na chuo kitataka tena uthibitisho wa fedha, kwa hiyo barua ya benki ya mjomba iwe tayari. Ile ruhusa ya kufanya kazi katika taaluma yako, OPT, ni ya miezi 12 kwa kila ngazi ya juu zaidi. Aliyemaliza shahada ya kwanza, akafanya kazi mwaka mmoja, kisha akarudi kusoma uzamili, huweza kuipata mara mbili. Aliyeunganisha bila kupumua huipata mara moja. Mafunzo ya vitendo yaliyo ndani ya masomo yana ruhusa yake nyingine, CPT, na ukifikisha miezi 12 ya kutwa kwa ruhusa hiyo unapoteza OPT ya ngazi hiyo. Saa 400 ni wiki kumi tu za kazi ya kutwa, kwa hiyo mafunzo ya kawaida hayakufikishi huko.

Binti_wa_Voi:

Narudi na taarifa. Niliwaandikia waratibu wa idara tatu kwa maswali yale matatu. Mmoja hajajibu. Wa pili alinijibu kwa kunitumia kiungo cha ukurasa ambao nilikuwa nimeshausoma. Wa tatu ameandika barua ndefu: krediti zinazoshirikiwa ni tisa, ombi la pili hupelekwa muhula wa pili wa mwaka wa tatu, na kazi za usaidizi kwa mwaka wa tano zipo lakini chache, na hutolewa kwa wale ambao wameshafanya kazi na mwalimu katika mradi wake. Ameniambatishia orodha ya kozi tatu ambazo wanafunzi wao huzitumia kwa pande zote mbili: mbinu za utafiti, usimamizi wa wageni katika maeneo ya asili, na mipango ya utalii. Pia ameuliza kuhusu lile basi la shule, kwa sababu nilimtajia kwa sentensi moja.

Mlalo_Juu:

Huyo wa tatu ndiye wako, hata kama idara yake haina jina kubwa. Mjibu leo kuhusu basi, kabla hajasahau.

Nimeifungua orodha aliyokutumia. Kozi ya katikati ina namba mbili. Miaka mitatu ijayo, siku ya kujisajili, bofya ile ya juu.